Kwa nini Tanga imebaki jiji la baiskeli? Swali kwa waliolizunguka wakitokea nyanda za juu

Mwana_Loleza (Mbeya)

Wanajukwaa, habari za jioni. Nimerejea hivi karibuni kutoka Tanga, nilikokwenda kwa harusi ya upande wa shemeji zangu, na kila nilipopata nafasi nililizunguka jiji kwa baiskeli niliyokodi kwa fundi mmoja wa Ngamiani. Naliweka dai langu wazi tangu mwanzo ili anayetaka kulipinga apate pa kushika: sijaona jiji jingine la Tanzania ambalo mgeni anaweza kulifahamu vizuri akiwa juu ya baiskeli kama Tanga, na sikubali kwamba sababu yake ni tambarare tu.

Nilikuwa naanzia Ngamiani, kwenye zile barabara zinazotajwa kwa namba, ambazo zimenyooka na kukatana kwa miraba kiasi kwamba mgeni akipotea hurudi njiani mwenyewe kwa kuhesabu. Ukivuka reli unaingia mjini kati, ukielekea mashariki unapita Bombo, kisha barabara inakufikisha Raskazone huku maji ya bandari na kisiwa cha Toten vikiwa upande wako wa kushoto. Njiani nilipitwa na wazee waliovaa kanzu, wanafunzi waliopakizana, mama aliyefunga ndoo ya samaki kwenye keria, na mafundi wenye ngazi begani, wote wakinyonga taratibu bila haraka, na madereva wa magari wakiwapisha bila kupiga honi.

Hapa Mbeya, mtu mzima mwenye kazi yake akionekana Kabwe au Mwanjelwa juu ya baiskeli, wanaomfahamu huuliza kama gari limeharibika au kama biashara imeyumba. Kule Tanga hakuna aliyeniuliza. Naomba wenye kufahamu wanieleze tofauti hii imetoka wapi.

Fundi_Mlandege (Iringa)

Sababu ni milima, ndugu yangu. Mimi natengeneza baiskeli, na kazi inayoletwa kwangu inatosha kuwa ushahidi: mipira ya breki iliyoisha kwa kushuka Ipogolo, na minyororo iliyokatika kwa kupanda kutoka huko huko Ipogolo. Mtu akishazoea kuikokota baiskeli yake kila anapopanda mjini, siku moja anaiuza. Rafiki yangu aliyehamia Tanga kwa kazi hiyo hiyo ananiambia kwamba kule adui mkubwa wa baiskeli ni kutu, kwa sababu ya hewa ya chumvi, na kwamba mipira ya breki huuza kwa nadra.

Kyela_Mpunga (Kyela)

Namuunga mkono fundi, na shahidi wangu ni Kyela. Tuko mkoa mmoja na Mbeya mjini, wengi wetu tuna lugha moja na ndugu zetu wa Tukuyu, lakini kwa kuwa sisi tuko chini kando ya Ziwa Nyasa, baiskeli zimejaa kila njia, zikibeba mpunga, ndizi, kakao na abiria. Panda kutoka hapa kwenda Tukuyu, na kadiri barabara inavyoinuka ndivyo baiskeli zinavyopungua. Hata kule Usangu, ukishuka Chimala na kuingia Ubaruku, unaziona tena. Watu ni wale wale, ila ardhi imebadilika. Kwa hiyo Mwana_Loleza asiende mbali kutafuta siri ambayo ipo kwenye magoti yake mwenyewe.

Mwalimu_Kihesa (Iringa)

Hoja ya Kyela_Mpunga ni nzuri, lakini inaeleza nusu tu. Tambarare inaifanya baiskeli iwezekane, haimlazimishi mtu aipande. Dar es Salaam sehemu kubwa ni tambarare, na Mtwara vilevile ina maeneo mapana yasiyo na mlima, lakini hakuna anayeitaja miji hiyo kwa baiskeli kama inavyotajwa Tanga. Lazima kuwe na jambo la ziada, na mimi nalitafuta katika historia.

Tanga ndiko reli ya kwanza ya nchi hii ilikoanzia, mwaka 1893, wakati wa utawala wa Wajerumani, ikaelekea Usambara na hatimaye ikafika Moshi. Mwaka huo huo wa 1893, Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, alileta miche ya mkonge kutoka Florida, na inajulikana kwamba iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na mambo hayo mawili ukazaliwa mji wa bandari, karakana, maghala na ofisi, wenye watu wengi wa mshahara waliopaswa kufika kazini kwa saa maalumu. Mtu wa mshahara anayekaa umbali wa kilomita tatu au nne kutoka kazini ndiye mnunuzi wa kwanza wa baiskeli popote duniani. Mji pia ulipimwa kwa barabara zilizonyooka, na ulikuwa umepangika kabla magari hayajawa mengi.

Mgeni_Uyole (Mbeya)

Mwalimu, shikamoo. Kama sababu ni mipango ya Wajerumani, mbona Iringa yenu nayo ilianzishwa na Wajerumani hao hao, na Tukuyu ilikuwa makao yao makuu ya wilaya wakiiita Neu Langenburg? Mbeya yetu ndiyo iliyokua baadaye, wakati wa Waingereza, kwa sababu ya dhahabu ya Lupa.

Mwalimu_Kihesa (Iringa)

Marahaba. Umeuliza vema, na jibu liko katika kusudi la kila mji. Iringa na Tukuyu zilichaguliwa kwa ajili ya ulinzi na hewa ya baridi, ndiyo maana zikawekwa mahali pa juu, wakati Tanga ilichaguliwa kwa ajili ya kupakia na kupakua shehena. Mwenye kujenga ngome hatafuti mahali ambapo karani atanyonga baiskeli kwa raha.

Mtanga_wa_Mafinga (Mafinga)

Nimekaa kimya nikiwasoma, nami nimezaliwa Makorora, nikakulia Chumbageni, na sasa ninafanya kazi ya mbao hapa Mafinga. Ruhusa yenu nisahihishe machache. Kwanza, Tanga si meza. Anayetoka mjini kwenda mapango ya Amboni, ambayo yako kama kilomita nane upande wa kaskazini kwa barabara ya Horohoro, atakutana na miinuko anaposhughulika na bonde la Mkulumuzi, na akiiacha lami kuingia Kiomoni atakuta vumbi na mawe. Ni safari ya baiskeli nzuri mno, lakini mtu asiende akidhani hatatokwa jasho.

Pili, mnazungumza kana kwamba baiskeli zile zimegandishwa. Bodaboda na bajaji zimeingia Tanga kama zilivyoingia kwenu, na kijana wa leo anayepata fedha kidogo huanza na pikipiki. Zilizobaki ni nyingi ukilinganisha na miji mingine, lakini aliyeiona Tanga nilipokuwa mtoto, saa ya kutoka kazini, anajua kwamba zimepungua.

Tatu, na hili ndilo jibu langu kwa Mwana_Loleza: kwetu mtoto hufundishwa baiskeli na watu wazima wa nyumbani, na hufundishwa kwa kutumwa. Nilitumwa nazi, nikatumwa dukani, nikatumwa kwa shangazi Mabawa, na kila mara niliambiwa nichukue baiskeli ya baba, nikiwa mfupi kiasi cha kupitisha mguu chini ya fremu. Baiskeli ilikuwa ya nyumba nzima. Huo ni malezi, na malezi hayahitaji Mjerumani.

Binti_Tukuyu (Mbeya)

Habari zenu. Ninashangaa kwamba mmefika hapa bila mtu kulitaja jambo ambalo mimi niliona kubwa kuliko yote, nalo ni wanawake. Nilikwenda Tanga kwa mafunzo ya kazi, na asubuhi ya kwanza nilisimama kando ya barabara nikiwatazama kina mama wa makamo, wenye mabaibui na mitandio, wakinyonga baiskeli kwenda sokoni na kazini, nguo zikiwa zimekusanywa kwa ustadi zisiingie kwenye mnyororo, na wengine wakiwa na mtoto kwenye keria. Hakuna kijana aliyewazomea na hakuna mzee aliyewageuzia shingo.

Mimi nimelelewa Tukuyu, ambako nikiwa msichana niliambiwa kwamba baiskeli ni ya wavulana, na sababu nilizopewa zilikuwa za aibu na za heshima. Tunapenda kusema kwamba watu wa pwani wana masharti mengi kuhusu wanawake, lakini katika jambo hili nimeona masharti yako kwetu. Mwenzangu wa mafunzo, ambaye ni wa huko huko, alinipa baiskeli yake siku za mapumziko, nikaenda mpaka Sahare kando ya bahari, kisha nikarudi kwa njia ya Raskazone, na sikuwahi kuufahamu mji wa ugenini kwa uhuru wa namna ile. Nilisimama nilipotaka. Nilinunua madafu, nikauliza njia, nikaingia mitaa ambayo nikiwa kwenye daladala nisingeijua kamwe.

Kwa hiyo nawaomba wenye nadharia za milima na reli wanieleze: mlima unamzuiaje dada na haumzuii kaka yake?

Fundi_Mlandege (Iringa)

Dada, mlima unawazuia wote, ila kaka akiuogopa hasemi. Hata hivyo swali lako ni zito, na natamani mama wa Iringa waje wanijazie karakana.

Mzee_Ilembula (Njombe)

Nawasalimu nyote. Mwalimu ametaja mkonge, nami nina la kuongeza kwa sababu mkonge na sisi Wabena tuna historia ndefu. Marehemu baba yangu aliondoka huku miaka ya 1950 akiwa kijana, akachukuliwa kuwa manamba katika mashamba ya Tanga. Wakulima wa mkonge walikuwa na ofisi yao ya kuajiri, iliyoanzishwa mwaka 1944 na kujulikana kwa jina la SILABU, iliyokusanya vijana kutoka sehemu za mbali kama huku kwetu, Kigoma na kwingineko, ikawapeleka mashambani kwa mkataba. Kazi ilikuwa ya kuumiza: miiba, jua, na kiasi cha kukata kilichopangwa kila siku, na asiyekimaliza hakuhesabiwa siku yake kwenye kipande, yaani kadi yake ya kazi.

Baba aliporudi alikuja na vitu vichache, na kikubwa kati yake kilikuwa baiskeli ya Raleigh. Alikuwa akisimulia kwamba Jumapili manamba waliokuwa nazo walitoka kambini kwenda Tanga mjini, wakiwa wamevaa suruali zilizopigwa pasi, na kwamba hiyo ndiyo ilikuwa siku pekee katika juma ambayo mtu alijiona ni mtu. Alijifunza mji ule kwa baiskeli, na hadi uzeeni aliweza kutaja ilipo mitaa ya Ngamiani ingawa hakurudi tena. Ukumbuke kwamba mwaka 1964 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge, na kila tani ilipita mikononi mwa watu wa namna yake.

Baiskeli ile haikudumu huku. Tulikuwa tunaisukuma zaidi ya kuipanda, na mwishowe ikawa ya kubebea magunia ya mahindi hadi mashineni. Kwa hiyo naona wote mna sehemu ya haki: fedha ya mkonge iliileta, mlima wetu ukaishinda, na Tanga ikabaki nayo.

Mchumi_Sae (Mbeya)

Shikamoo mzee, na asante kwa simulizi hiyo. Mimi hata hivyo naona tunaipamba Tanga kuliko inavyostahili. Mashamba ya mkonge yalitaifishwa kwa sehemu kubwa mwaka 1967, bei ya dunia ikaporomoka kwa sababu ya kamba za nailoni na plastiki, na viwanda vingi vya Tanga vilivyokuwa fahari ya nchi vikadhoofika au kufungwa. Mji ambao uchumi wake umesimama hauongezi magari. Watu walibaki na baiskeli kwa sababu ndizo walizokuwa nazo, wakati Mbeya ikawa njia ya mizigo ya Zambia na Malawi, ikapata fedha ya biashara, ikahamia kwenye pikipiki na magari madogo. Bandari ya Tanga imeanza kuchangamka tena, na bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda limepangwa kuishia Chongoleani. Mji ukipata fedha tutaona kama baiskeli zitabaki.

Mtanga_wa_Mafinga (Mafinga)

Mchumi, nimekusoma kwa utulivu, na sehemu moja siwezi kuiacha ipite. Baiskeli zilikuwa nyingi zaidi viwanda vilipokuwa vinafanya kazi, na siyo vilipofungwa. Baba yangu alikwenda zamu kiwandani kwa baiskeli akiwa na mshahara mzuri, na wenzake wengi hivyo hivyo. Wakati ule kulikuwa na Phoenix kutoka China na Swala zilizotengenezwa Dar es Salaam, na mtu alichagua kama mnavyochagua simu leo. Umaskini haukutupa baiskeli. Kama ungekuwa umaskini ndio unaoleta baiskeli, vijiji vingi vya Makete vingekuwa vimejaa baiskeli.

Mchumi_Sae (Mbeya)

Sikusema umaskini umezileta. Nilisema kudorora kwa uchumi kumezuia zisiondoke. Hayo ni mambo mawili, na Makete ni milima mitupu, kwa hiyo umerudi kwa fundi na Kyela_Mpunga bila kukusudia.

Kyela_Mpunga (Kyela)

Karibuni nyote. Nilijua mtarudi.

Nesi_Mbalizi (Mbeya)

Naomba niongeze la afya, kwa kuwa wapo watakaosoma uzi huu na kufunga safari. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwenye urefu huo kanieneo ya hewa ni takribani asilimia 82 ya ile ya pwani. Mtu wa huku akifika Tanga pumzi humtosha vizuri, na siku ya kwanza atajiona ana nguvu za ajabu. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu miili yetu imezoea baridi na haijazoea joto lenye unyevu, ambamo jasho linatoka lakini halikauki upesi, na hivyo mwili haupoi. Anzeni alfajiri, pumzikeni kuanzia saa tano hadi saa kumi, kunyweni maji kabla ya kiu, na msikate chumvi kwenye chakula siku hizo kama hamna shinikizo la damu. Anayesikia kizunguzungu au baridi juani ashuke mara moja akae kivulini na kujimwagia maji.

Mwana_Loleza (Mbeya)

Asante nesi. Hilo la joto ni kweli tupu, na ningeongeza upepo wa kusi, ambao hukupinga unapoelekea kusini kiasi cha kuifanya barabara tambarare iwe na uzito wa mlima. Je, kuna aliyefika magofu ya Tongoni kwa baiskeli? Nimesikia yaliachwa na Wareno.

Msafiri_Makambako (Makambako)

Nimefika. Ni kilomita 17 hivi kusini mwa Tanga, kwa barabara ya Pangani, kwa hiyo kwenda na kurudi kunatosha kujaza asubuhi nzima. Utaona minazi na mashamba pande zote, na ukifika unapokelewa na mtunzaji anayekuonyesha gofu la msikiti na makaburi yapatayo 40, mengine yakiwa na nguzo ndefu ambazo nyingi zimeanguka. Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyopanga, kwa sababu ukitokea kwa baiskeli unafika ukiwa umeshaisikia harufu ya bahari na kuona umbali wake na mji, na makaburi yale hayaonekani tena kuwa kitu cha kupigia picha na kuondoka.

Mwalimu_Kihesa (Iringa)

Magofu ya Tongoni hayakuachwa na Wareno. Ni kazi ya Waswahili wenyewe, Waislamu wa miji ya pwani, na mji ulikuwa umesimama kabla Wareno hawajaonekana. Vasco da Gama alipita pwani hiyo mwaka 1498, na mojawapo ya meli zake ikakwama kwenye miamba ya huko. Alikuwa mpita njia. Ninasisitiza hili kwa sababu mtu akienda akiamini ni mabaki ya wageni, hatatazama vizuri jinsi matumbawe yalivyochongwa.

Binti_Tukuyu (Mbeya)

Mwalimu, asante. Bado hamjanijibu kuhusu wanawake.

Mtanga_wa_Mafinga (Mafinga)

Dada, nitajaribu, ingawa wapo watakaopinga. Mama yangu alianza kupanda baiskeli kwa sababu alikuwa na biashara ya vitumbua, na wateja wake walikuwa mitaa mitatu tofauti. Bibi yangu hakupenda. Mama alipoanza kuleta fedha nyumbani, bibi akawa anamuuliza kama tairi lina upepo. Sijui kama mji mzima ulibadilika hivyo, lakini nyumba yetu ilibadilika hivyo.

Mzee_Ilembula (Njombe)

Na mimi nina wajukuu wa kike wanaotaka kujifunza. Fundi, kama nataka kumchukulia mjukuu baiskeli yake mwenyewe kwenye basi tukienda Tanga likizo, inafungwaje isiharibike?

Fundi_Mlandege (Iringa)

Mzee, ng'oa tairi la mbele ulifunge ubavuni mwa fremu, geuza usukani uwe sambamba na fremu, na ufunike mnyororo kwa gunia usichafue mizigo ya watu. Pedeli zitolewe, na hapo wengi huharibu nati: ya kulia hufunguliwa kwa kuzungusha kinyume cha mishale ya saa kama kawaida, lakini ya kushoto imekatwa kinyume, kwa hiyo huifungua kwa kufuata mishale ya saa. Elewana na kondakta kuhusu nauli ya mzigo kabla ya kupanda, na uhakikishe inalala juu ya mabegi, isikandamizwe na magunia. Basi litapita Morogoro hadi Chalinze, litapinda kushoto kuelekea Segera na Muheza, na mtashukia stendi ya Kange, ambayo iko nje kidogo ya mji. Iunganisheni tena pale pale stendi, mpake mnyororo mafuta kabla ya kitu kingine kwa sababu ya ile kutu niliyoitaja, na mjukuu ataingia mjini akinyonga.

Mtanga_wa_Mafinga (Mafinga)

Mzee, mkiwa tayari niandikie faraghani. Mdogo wangu yuko Mikanjuni, atawapokea Kange akiwa na baiskeli yake na atatangulia mbele kuwaonyesha njia.